Marehemu Ndunguru na Watu Wake wa Karatasi

Kahe ni njia panda ya reli. Hapa reli itokayo Tanga kwenda Moshi hukutana na ile iliyojengwa na Waingereza kutoka Voi kupitia Taveta wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Penye njia panda abiria hungoja, na abiria angojaye husoma. Katika miaka ya 1980 mengi yalisomwa, lakini kilichopokezanwa mkono kwa mkono mpaka kikachanika ni Sani, jarida lililopata jina kwa kuunganisha mianzo ya majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo.

Mchoraji aliyelitia uhai ni marehemu Philip Ndunguru. Ndiye aliyetuletea Ndumilakuwili, Lodi Lofa, na yule mtoto mtundu Madenge. Kabla yake alikuwapo Chakubanga wa Christian Gregory, aliyeanza katika gazeti la Uhuru mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Wako makada waliohesabu michoro hiyo kuwa upuuzi. Sisi hatukuwa miongoni mwao. Hotuba huukemea unafiki kwa jumla, na kila msikilizaji hudhani anasemwa mwingine. Neno ndumilakuwili lilikuwamo katika lugha tangu zamani. Ndunguru alilipa sura, nguo na mwendo, hata tukamtambua jirani, na mara nyingine ofisa.

Ndunguru alifariki mwaka 1986, angali kijana. Watu wake hawakuzikwa naye: wachoraji wengine waliwapokea, na Madenge akaendelea na utundu wake. Lakini mali hiyo ni ya nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa kipimo hicho, kwa Ndunguru ulinzi hufika mwisho wa mwaka 2036. Ndugu zetu wa Visiwani wana sheria yao ya mwaka 2003, kwani jambo hili si la Muungano. Mchoraji wa Unguja asidhani ya Bara humtosha.

Kwa viongozi wa Serikali tunasema: Bodi ya Huduma za Maktaba na ikusanye nakala za Sani zilizobaki masandukuni mwa wananchi, na warithi wa wachoraji waandikwe. Karatasi yake ilikuwa hafifu, na nyingi zimekwisha kufungia maandazi.