GARI YA MBIO KUPELEKEA MIZIGO? PIGA HESABU KWANZA

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, somo la leo nimelilipia mwenyewe.

Mimi nauza viatu. Mwaka jana nilichoka kulipa boda, nikanunua Altezza RS200 ya mkononi. Nikajipa moyo: injini ni lita 2 tu, italaje sana? Nilikosea.

Injini yake, 3S-GE, imetengenezwa kwa ajili ya nguvu. Ya gia za mkono inatoa farasi 210, lakini unazipata ikizunguka kama mara 7,600 kwa dakika. Kwenye foleni ya Mbagala hufiki hata nusu. Halafu inataka petroli ya okteni ya juu. Ukiweka ya chini, kompyuta inachelewesha cheche ili injini isigonge, nguvu inapungua, na wewe unazidi kukanyaga mafuta.

Je, injini za hivi zinakufa haraka? Sio lazima. Zinauliwa na matunzo mabovu: kukanyaga sana injini ikiwa bado baridi, safari fupi fupi ambazo oili haipati moto vizuri, na kuchelewa kumwaga oili. Mimi nilichelewesha oili makusudi ili nifidie hela ya mafuta. Fundi alipofungua akakuta tope jeusi. Mtaji wa dazeni mbili za viatu ukaishia gereji. Kosa langu, sio la gari.

Sasa fanya hivi. Jaza tenki mpaka juu, andika kilomita. Piga kazi wiki nzima, jaza tena, uone zimeingia lita ngapi. Mimi nilitembea kilomita 280 kwa lita 35, yaani kilomita 8 kwa lita.

Mteja wa kilomita 24 kwenda na kurudi ananilia lita 3. Tuseme lita ni 3,000, hiyo ni 9,000. Nilikuwa namtoza 7,000! Kila mzigo natoa 2,000 mfukoni, bado oili na tairi. Gari inayokwenda kilomita 15 kwa lita ingetumia 4,800 tu.

Siku hizi mzigo mmoja naupa boda. Gari naitoa nikiwa na mizigo mitano ya njia moja, na hela ya oili naitenga kabla sijagusa faida.

Wewe usafiri wako unakula shilingi ngapi kwa mzigo? Kama hujui, anza kupima leo.