Umeme wa gari la kulala

Umeme wa gari la kulala ni umeme unaoendesha taa, friji, feni na chaja za simu ndani ya gari lililotengenezwa ili watu wapate kulala na kupika humo wakiwa safarini. Huko Ulaya na Marekani magari ya namna hiyo huundwa kiwandani. Nchini Tanzania mengi ni Toyota Land Cruiser zenye hema juu ya paa, malori ya watalii, au mabasi madogo aina ya Coaster yaliyoondolewa viti na kuwekwa vitanda. Msafiri anayetoka Songea kwenda Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, mwendo wa kilomita 170 hivi, au anayeelekea Tunduru, hupita sehemu ambazo fundi wa magari hayuko karibu. Kwake swali la kwanza si kama bia itakuwa baridi, bali kama gari litawaka asubuhi.

Betri mbili

Betri ya kuwashia injini hutengenezwa ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache tu, kisha ijazwe na altaneta. Mabamba yake ya risasi ni membamba. Ikiachwa kuendesha friji usiku kucha huisha, na ikiisha hivyo mara kadhaa huharibika. Kwa sababu hiyo gari la kulala huwekewa betri ya pili yenye mabamba manene, inayostahimili kutumika polepole kwa saa nyingi. Kati ya betri hizo mbili hufungwa rilei inayoziunganisha injini inapofanya kazi na kuzitenganisha inapozimwa. Hapo friji ikimaliza umeme wake, ule wa kuwashia unabaki. Gari la gia za kawaida lililoishiwa betri linaweza kusukumwa likawaka, lakini kulisukuma Coaster lenye vitanda ni kazi ya kijiji kizima, na gari la otomatiki halikubali kabisa.

Tanzania ina tatizo lake la pekee. Land Cruiser nyingi za dizeli na Coaster zilizoletwa kutoka Japani hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Mafundi wengine huchukua volti 12 za redio au friji kutoka betri moja tu kati ya hizo mbili. Kifaa hufanya kazi, lakini betri hiyo hushuka kila siku wakati mwenzake anachajiwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili hufa. Njia sahihi ni kutumia kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12.

Hesabu ya siku moja

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, inafaa kutumia nusu tu, yaani 600, ili isizeeke mapema. Betri za lithiamu huruhusu asilimia 80 au zaidi, ila ni ghali na zinahitaji chaja yake.

Tuseme friji ndogo ya volti 12 inatumia wati-saa 480 kwa siku ya joto, taa mbili za wati 5 kwa saa nne 40, feni ya wati 20 kwa saa sita 120, na simu mbili 30. Jumla ni 670. Betri haimalizi hata siku moja. Kila mwenye gari la aina hii angefanya vema kuandika hesabu yake kabla ya kununua chochote, maana wengi hununua inveta kubwa kwanza na betri baadaye. Jagi la umeme la wati 2,000 likiunganishwa kwenye inveta ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 160. Waya wa kawaida hauwezi kubeba mkondo huo, huyeyuka. Chai ichemshwe kwa gesi.

Jua

Paneli ya wati 150 ikipata jua kali la saa tano hutoa karibu wati-saa 525 baada ya hasara za njiani. Upungufu katika mfano huu ni 145 kwa siku, hivyo betri iliyojaa huchukua siku nne hivi. Wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, mawingu yanaweza kupunguza mapato hayo kwa nusu, na siku ya pili betri huwa imekwisha. Baridi ya Juni na Julai huko Songea haina ubaya wowote: paneli hutoa umeme zaidi ikiwa baridi. Jua la miezi hiyo liko upande wa kaskazini, kwa hiyo paneli inayoinamishwa huelekezwa huko.

Kuegesha chini ya mwembe hupoza friji lakini huiua paneli, kwani hata kivuli cha tawi moja hupunguza umeme sana. Dawa ni paneli ya kubebeka yenye waya mrefu, inayowekwa juani huku gari likibaki kivulini.

Jenereta na umeme wa gridi

Jenereta ndogo ya petroli husaidia siku za mawingu. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huko huipunguzia jenereta takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Jambo zito zaidi ni moshi wake. Una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, hivyo jenereta haiwashwi ndani ya gari, chini ya hema wala karibu na dirisha.

Mji wa Songea uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo ulitegemea sana jenereta za dizeli. Gari likilala kwenye nyumba ya wageni huweza kuchajiwa kwa volti 230 kupitia plagi ya miguu mitatu ya mraba. Vifaa vilivyokuja na gari kutoka Japani vya volti 100 huungua hapo mara moja. Waya wa kurefushia ukunjuliwe wote, kwa kuwa ukibaki umeviringishwa hupata joto. Jenereta na umeme wa gridi haviunganishwi pamoja kamwe. Huwekwa swichi ya kuchagua kimoja, na kila waya unaotoka kwenye betri huwekewa fyuzi karibu na betri yenyewe.