Ufunguo Mfukoni Kwanza



Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria tumezoea boti yenye injini ya nyuma, na rafadha yake ikizunguka majini. Huko New Zealand mito mingi ina maji haba na mawe mengi, na rafadha huvunjika. Kwa sababu hiyo mkulima mmoja, William Hamilton, katika miaka ya 1950 alitengeneza boti ya jeti. Boti hiyo huvuta maji kwa chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Mwaka 1960 boti zake ziliupanda mto Colorado wa Marekani dhidi ya mkondo, zikapita bonde la Grand Canyon. Siku hizi wako watu wanaoziweka boti hizi nyumbani na kuzitunza wenyewe siku ya mapumziko.

Tunaandika habari hii kwa kuwa kazi hiyo inatuhusu sote tunaoshika mashine. Boti ya jeti hupinda kwa kugeuza yale maji inayoyatupa. Injini ikizimika, zungusha usukani upendavyo, boti haikutii. Kwa hiyo anayetunza injini anatunza roho za watu.

Kazi yenyewe ni hii. Baada ya safari, hasa ya baharini, mabomba ya kupoza injini huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Kwa boti nyingi za namna hii, injini huwashwa kwanza, ndipo mpira wa maji hufunguliwa. Wakati wa kumaliza, maji hufungwa kwanza, ndipo injini huzimwa. Ukikosea utaratibu huo, maji yaweza kuingia ndani ya injini na kuiharibu. Kila boti ina kitabu chake, nacho ndicho cha kufuatwa.

Oili hutazamwa kila mara. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia; injini isiwashwe mpaka fundi aione. Feni ya ndani nayo hukaguliwa, maana mawe huikwaruza na boti hupoteza nguvu.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutulia chini ndani ya boti, nao husubiri cheche moja tu. Kabla ya kuwasha, kifuniko cha injini hufunguliwa na watu hunusa. Kisha feni ya kutoa mvuke huachwa izunguke dakika 4 au zaidi. Wanaoharakisha wameungua.

Mwisho ni majani na kamba zinazonasa kwenye wavu wa kuingizia maji. Hapo mkono huingia mahali pa feni. Injini izimwe, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Sisi tunalijua jambo hili kwa uchungu. Mwenzetu mmoja kiwandani alipoteza vidole viwili akitoa uchafu mashineni, kwa kuwa mwingine aliiwasha bila kumwona.

Ndugu, kiwandani tunadai mashine izimwe kabla ya kusafishwa, na tunamlaumu msimamizi anayetuharakisha. Nyumbani hakuna msimamizi wala mkaguzi. Ukiwa na boti, pikipiki au mashine ya kusaga, haraka ni yako mwenyewe. Tulichokidai kwa mwajiri tusikivunje nyumbani kwetu.