Sayansi kwa Kiswahili: Tuangalie vitenzi kabla ya istilahi

Kila unapozuka mjadala wa kufundisha sayansi kwa Kiswahili, hoja inayotangulia huwa ni ile ile: eti lugha yetu haina maneno. Wanaosema hivyo huwa na maana ya nomino. Watakuuliza protini huitwaje kwa Kiswahili, na ukijibu kwamba huitwa protini, huangua kicheko wakidhani wameshinda. Wanasahau kwamba hata katika Kiingereza neno hilo lina asili ya Kigiriki.

Kwa maoni yangu, tumekuwa tukiupima uwezo wa lugha mahali pasipofaa. Jina la kitu hukopwa na likazoeleka upesi. Ufafanuzi wa kisayansi, hata hivyo, hubebwa zaidi na kitenzi: ni nini kinachotendeka, kinatendekaje, na kinasababishwa na nini. Hebu tulijaribu dai hili kwa mada ambayo wengi wataiona iko mbali kabisa na Kiswahili, yaani hatua za kwanza za kiinitete cha mnyama wa baharini.

Mnyama mwenyewe ni yule wa mviringo mwenye miiba, anayewachoma watu nyayo katika miamba ya Diani na Watamu. Hapa nitamwita nungu wa baharini kwa sababu ya miiba hiyo. Waingereza nao walimpa jina lao la zamani la kalunguyeye kwa sababu iyo hiyo. Wanabiolojia humpenda kwa kuwa jike hutoa mayai mengi mno, mayai hayo hutungishwa majini nje ya mwili, na viinitete vya baadhi ya spishi huwa angavu kiasi kwamba yanayotendeka ndani huonekana kwa hadubini. Mnamo 1875, Mjerumani Oscar Hertwig aliyatumia mayai hayo kuona kiini cha mbegu ya dume kikiungana na kiini cha yai.

Yai la nungu wa baharini lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Mbegu ya kwanza ikishaingia, yai hujifunga ili nyingine zisiingie. Katika sekunde chache hali ya umeme kwenye utando wake hubadilika. Kisha, katika muda wa dakika moja hivi, utando wa nje hubanduka na kuinuka, ukalizingira yai kama ngome. Tazama kitenzi 'hujifunga'. Ile 'ji' ya kirejeshi inatuambia kwamba yai ndilo mtenda na ndilo mtendwa. Mwanabiolojia Mmarekani mweusi, Ernest Everett Just, aliutetea msimamo unaokaribiana na huo katika kitabu chake cha 1939: uso wa seli si ganda linalosubiri kutendwa, bali hushiriki.

Baada ya hapo yai huwa seli mbili, nne, nane, kumi na sita. Hapa ndipo wengi huandika kwamba 'kiinitete kinakua'. La, hakikui bado. Kinagawanyika. Ukikata keki vipande kumi na sita hujaongeza keki, na kiinitete nacho katika saa hizi za mwanzo hubaki na ukubwa ule ule huku seli zake zikizidi kuwa ndogo. Kiswahili kinatenganisha vizuri kukua, kuongezeka na kugawanyika. Kosa ni letu tunapovichanganya.

Katika mgawanyiko wa nne jambo jipya hutokea. Seli nne za upande mmoja hugawanyika sawasawa, lakini nne za upande wa pili hugawanyika kwa upendeleo, zikatoa seli nne kubwa na vijiseli vinne vidogo sana. Wengi wa wazawa wa vijiseli hivyo ndio watakaojenga kiunzi cha chokaa cha kiumbe huyo mchanga.

Sasa basi, turudi katika darasa la mnyambuliko: gawanya, gawanywa, gawanyika. Mnamo 1891 Mjerumani mwingine, Hans Driesch, alivitikisa viinitete vya seli mbili hadi seli zikatengana. Miaka mitatu awali, Wilhelm Roux alikuwa ameua seli moja kati ya mbili za kiinitete cha chura, naye akapata nusu ya kiinitete. Driesch alitarajia nusu pia. Badala yake, seli moja iliyotenganishwa iliweza kutoa lava mzima, ila mdogo. Alijiuliza: ni mashine gani hukatwa vipande viwili na kila kipande kikawa mashine kamili? Hatimaye akashikilia kwamba uhai huongozwa na nguvu isiyo ya kimaada, aliyoiita entelekia, akaishia kuwa mwanafalsafa.

Kwa sarufi yetu, naweza kusema Driesch aliona kwamba kiinitete 'hugawanywa'. Kauli ya kutendwa humdai mtendaji hata asipotajwa. 'Hugawanyika', ambayo ni kauli ya kutendeka, haimdai. Sarufi haikuamua ni ipi iliyo sahihi. Kazi hiyo ilifanywa na maabara. Mnamo 1982, Mwingereza Tim Hunt akiwa Woods Hole, Marekani, aligundua katika mayai hayo hayo ya nungu wa baharini protini inayolimbikizana na kisha kuvunjwa kila seli zinapogawanyika. Protini hiyo, saiklini, ni sehemu ya mtambo unaoiamuru seli igawanyike, na mtambo wenyewe umo ndani ya seli. Hunt, Paul Nurse na Leland Hartwell walituzwa Nobel mwaka wa 2001.

Tumalizie safari ya kiinitete. Seli zikiongezeka hujipanga kuwa mpira wenye uwazi ndani, uitwao blastula. Mpira huo huota vinyweleo, huyeyusha ile ngome na kuogelea. Baadaye ukuta wake hubonyea kuelekea ndani, kama mpira uliopungua upepo, na bonde hilo huwa mwanzo wa utumbo. Hii ndiyo gastrula. Tundu la bonde huwa mkundu, na mdomo hutoboka baadaye upande mwingine. Hatimaye hutokea lava mwenye mikono, asiyefanana hata kidogo na mzazi wake.

Katika maelezo haya nimekopa nomino kadhaa: seli, protini, saiklini, blastula, gastrula, lava. Vitenzi sikuhitaji kukopa. Kubanduka, kuinuka, kugawanyika, kutengana, kubonyea na kutoboka tunavyo tayari, na watoto wetu huvitumia nyumbani.

Hapo ndipo penye hasara yetu. Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hufundishwa kauli za vitenzi katika kipindi cha Kiswahili, kisha huingia kipindi cha baiolojia na kukariri fasili kwa Kiingereza. Vipindi hivyo viwili havikutani. Anaweza kupita mtihani na bado ashindwe kumweleza nyanya yake jinsi yai linavyokuwa kiumbe.

Kazi ya istilahi ilishaanzwa. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mnamo 1990. Ninachowaomba walimu wenzangu wa Kiswahili ni hiki: mnapofundisha kauli ya kutendeka, msiishie kwa kikombe kilichovunjika na mlango uliofunguka. Leteni pia yai lililogawanyika, na mwulizeni mwanafunzi kwa nini hatukusema liligawanywa.