Matembezi Mafupi ya Guangzhou na Kalenda ya Biashara Inayoyaendesha

Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong kusini mwa China, ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 18 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, na kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo ni miongoni mwa miji ya China inayotajwa mara nyingi zaidi. Wageni wengi kutoka Afrika Mashariki huufikia kwa sababu ya mzigo, na utalii huja baadaye, katika siku moja au mbili zinazobaki baina ya kukagua bidhaa na kupanda ndege ya kurudi. Hali hiyo imeyapa matembezi mafupi ya mji huo tabia ya pekee kiuchumi, kwa kuwa bei ya chumba na upatikanaji wa tiketi hutegemea maonyesho ya bidhaa na sikukuu za kitaifa kuliko zinavyotegemea uzuri wa msimu. Mtalii asiyeitazama kalenda hiyo hujikuta akishindania kitanda na wanunuzi wa jumla waliotoka pembe zote za dunia.

Tukio linalotawala kalenda hiyo ni maonyesho yanayojulikana kwa jina la Canton Fair, ambayo yalianza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka katika kumbi kubwa za eneo la Pazhou. Awamu ya masika huanza tarehe 15 Aprili na ya vuli tarehe 15 Oktoba, na kila moja hugawanywa katika vipindi vitatu vya siku tano, vyenye mapumziko mafupi katikati, kiasi kwamba awamu ya vuli humalizika mwanzoni mwa Novemba. Kwa kuwa wiki ya kwanza ya Oktoba ni likizo ya taifa, ambapo Wachina wenyewe husafiri kwa mamilioni, mwezi wote wa Oktoba huwa ghali, hasa katika hoteli zilizo karibu na Pazhou au kwenye njia ya reli ya mjini inayofika huko. Kuanzia Mei hadi Septemba joto ni kali, mvua ni nyingi na vimbunga huweza kuahirisha safari za ndege. Sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, ambayo huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, hufunga viwanda na maduka mengi, na tiketi za treni huwa adimu. Ukiondoa vipindi hivyo vyote, muda ulio bora kwa bei na kwa hali ya hewa unabaki kuanzia wiki ya pili ya Novemba hadi katikati ya Januari.

Baada ya kalenda huja hati za kuingilia, na hapa wasafiri wanaozungumza lugha moja hutenganishwa na pasipoti zao. Mnamo Desemba 2024 China iliongeza hadi saa 240, yaani siku 10, muda ambao raia wa nchi zaidi ya 50 wanaweza kukaa bila viza wakiwa njiani kuelekea nchi ya tatu, na Guangdong ni mojawapo ya majimbo yaliyomo katika mpango huo. Neno la msingi ni nchi ya tatu: anayetoka Nairobi kwenda Guangzhou kisha Bangkok hutimiza sharti, ila anayetoka Nairobi na kurudi Nairobi halitimizi. Wakati mpango huo ulipopanuliwa, hakuna nchi ya Afrika iliyokuwamo katika orodha, hivyo unamfaa Mswahili mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani au Kanada, wala si jirani yake mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya. Raia wa Oman walipata nafuu nyingine Juni 2025, pale China ilipoanza kwa majaribio kuwaruhusu kukaa siku 30 bila viza.

Msafiri mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki kwa kawaida huomba viza ya aina ya L, ambayo ni ya utalii, au ya aina ya M, ambayo ni ya biashara na huambatana na mwaliko wa upande wa China. Mwenye viza ya M hazuiwi kutembelea makumbusho baada ya shughuli zake, na ndiyo maana utalii mwingi wa Waafrika Mashariki mjini Guangzhou hufanyika ukiwa umefunikwa na safari za biashara. Jambo linalosahauliwa ni idadi ya kuingia iliyoandikwa katika viza. Hong Kong, ambayo kwa treni ya kasi iko umbali wa saa moja hivi, ina uhamiaji wake wenyewe, na anayevuka kwenda huko huhesabiwa kuwa ametoka China bara. Mwenye viza ya kuingia mara moja hawezi kurudi Guangzhou kuchukua begi wala ndege. Vilevile, mgeni hupaswa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 tangu awasili, kazi inayofanywa na hoteli yenyewe, lakini anayelala kwa ndugu au kwa mwanafunzi anayefahamiana naye hulazimika kwenda kujiandikisha.

Malipo yamebadilika kwa haraka kuliko sehemu nyingine yoyote ya sekta hii. Tangu mwaka 2023 programu za Alipay na WeChat Pay huruhusu wageni kuunganisha kadi za Visa na Mastercard za nchi zao, na baada ya hapo karibu kila kitu, kuanzia nauli hadi bakuli la tambi, hulipwa kwa kuskani msimbo kwa simu, namna ambayo haimshangazi mtu aliyezoea M-Pesa. Malipo ya yuan 200 au chini yake hayana makato ya programu, lakini yanayozidi hapo hukatwa asilimia 3, na kwa hiyo mnunuzi makini hugawa manunuzi yake pale inapowezekana. Uunganishaji wa kadi na uthibitishaji wa pasipoti ufanyike kabla ya kuondoka nyumbani, wakati benki inaweza bado kupigiwa simu kwa urahisi. Noti za yuan zinapaswa kupokelewa kisheria, ingawa chenji mara nyingi haipo. WhatsApp na huduma za Google zimezuiwa kwenye mitandao ya China, ila laini ya nyumbani iliyofunguliwa rominga kwa kawaida huendelea kuzifikia.

Wakalimani na waongoza wageni ni sehemu isiyo na uwazi mkubwa. Sheria ya utalii ya China iliyoanza kutumika Oktoba 2013 ilipiga marufuku ziara za bei ya kutupa ambazo faida yake hutokana na kuwalazimisha wageni wanunue katika maduka maalumu, lakini mkalimani binafsi anayelipwa na mteja huku akipokea cha juu kutoka dukani ni vigumu kumdhibiti kwa sheria hiyo. Kumtumia mwanafunzi wa nyumbani aliyeko chuoni huko kunaonekana kuwa rahisi na salama, hata hivyo mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi bila kibali, na hasara ikitokea humwangukia yeye, si mgeni wake.

Vivutio vyenyewe, kwa mji wa ukubwa huo, ni vya gharama ndogo, na vilivyo bora zaidi ni historia ya biashara iliyogeuka majengo. Kati ya mwaka 1757 na 1842 Guangzhou ndiyo ilikuwa bandari pekee ya China iliyofunguliwa kwa wafanyabiashara wa Magharibi, ambao walilazimishwa kuuza na kununua kupitia nyumba maalumu za Kichina. Mtaa wa Shisanhang, uliobeba jina la nyumba hizo, leo ni soko la jumla la nguo linaloamka alfajiri. Umbali mfupi kutoka hapo kipo kisiwa cha Shamian, kilichogawanywa kati ya Uingereza na Ufaransa baada ya vita vya pili vya kasumba, ambacho majengo yake ya mawe na miti mikubwa hutazamwa bila kiingilio. Jumba la ukoo wa Chen, lililokamilika mwaka 1894 na kutumiwa kuwapokea vijana wa ukoo huo waliokuja kufanya mitihani ya utumishi wa kifalme, lina nakshi za mbao na kauri ambazo mpenzi wa milango ya Lamu na Zanzibar atazikagua kwa saa nzima. Msikiti wa Huaisheng na mnara wake wa duara ni ushahidi wa mabaharia Waislamu waliofika huko karne nyingi kabla ya Wareno; mapokeo yanaunasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas, ingawa wanahistoria wengi hawalikubali hilo. Mnara wa Canton wenye urefu wa mita 600, uliofunguliwa mwaka 2010, hutangazwa kuliko vyote, lakini kuutazama usiku kutoka ng'ambo ya Mto wa Lulu hakuhitaji tiketi. Nauli ya reli ya mjini huanzia yuan 2, na chakula cha halali hupatikana katika mtaa wa Xiaobei, ambao kwa miaka mingi umekuwa makutano ya wafanyabiashara wa Kiafrika.

Mgeni anayenunua vitu katika maduka yaliyosajiliwa anaweza kurudishiwa sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani anapoondoka, na tangu Aprili 2025 kiwango cha chini cha manunuzi ya siku moja katika duka moja kimeshushwa kutoka yuan 500 hadi 200, mradi bidhaa hazijatumika na stakabadhi zipo.

Kwa mfanyabiashara ambaye nauli yake imeshalipwa na mzigo, kuongeza siku mbili za matembezi mwezi Novemba au Desemba ni matumizi madogo yenye faida. Kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwa utalii peke yake, siku mbili hazitoshi kuhalalisha nauli, na ni heri aahirishe hadi apate wiki nzima na viza ya kuingia mara mbili itakayomruhusu kuiona Hong Kong katika safari hiyohiyo.