Kichujio cha barua taka: tunakifundisha Kiswahili

Kamati nyingi za parokia hututumia taarifa zao kwa barua pepe. Seva ya barua hapa ofisini Dodoma ni yetu wenyewe, hivyo kuzuia barua taka nako ni kazi yetu.

Tunatumia SpamAssassin, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2001. Kila barua inayoingia huipima na kuipa alama. Zikifika 5, barua huhesabiwa kuwa taka. Lakini kanuni zake nyingi zinalenga barua za Kiingereza. Ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii” waweza kupita, na ombi la kisima kutoka kijijini likazuiwa. Dawa ni kuifundisha kwa barua zetu: ikishaoneshwa njema 200 na taka 200, huanza kupima maneno yenyewe.

Barua iliyozuiwa hatuifuti. Huwekwa kwenye folda ya pembeni, nasi huipitia kila asubuhi.

Tunawaomba mwandike kichwa cha barua kinachoeleweka. Na mkipata barua ya kubadilisha akaunti ya benki, hata yenye jina letu, tupigieni simu kwanza kwa namba mliyo nayo. Kichujio hupunguza ulaghai, hakiumalizi.