Sura ya Saba: Bledi Isiyoshika

Fundi anayeleta msumeno wa umeme unaolegeza bledi huwa ameshapata wa kumlaumu. Mara nyingi ni umeme: wa Marangu ni mdogo, au waya umevutwa mbali mno kutoka nyumbani hadi bandani. Umeme mdogo ni kero ya kweli. Mota hukosa nguvu, hupata moto, mwishowe huungua. Lakini haulegezi bolti. Wengine wametia gundi kwenye uzi wa bolti, au wameichomelea kwenye shafti, na sasa bledi haitoki tena hata ikiwa butu.

Kinachoishika bledi si bolti, wala si tundu. Tundu huiweka katikati tu. Kazi ya kushika ni ya flenji mbili, ya ndani na ya nje, zinazoibana bledi huku na huku. Bolti huzisukuma tu zikutane. Zitazame kwa makini: nyingi zina bonde katikati, zinagusa bledi kwenye ukingo peke yake. Hilo limefanywa kwa makusudi, kwani kadiri mbano unavyokuwa mbali na shafti ndivyo unavyozuia zaidi bledi isiteleze. Ukiifunga flenji ya nje kichwa chini, mbano unasogea katikati na nguvu inapungua, hata ukikaza spana mpaka mkono uume. Utomvu nao, hasa wa mbao za paini kutoka West Kilimanjaro, hujikusanya kwenye ukingo huo huo. Usafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha ukaushe kabisa. Mafuta yakibaki pale yanafanya bledi iteleze.

Baada ya flenji nilipanga kueleza tundu, kisha bolti. Lakini huku mlimani flenji haielezeki bila kuutaja mti wa mpakani.

Nimesikia mara nyingi kwamba mgrivea uliosimama kwenye masale hukataa msumeno, na kwamba mashine ikiupasua, tangu siku hiyo bledi haishiki tena. Masale nayaheshimu, ni mimea iliyo alama ya mpaka na ya kuombana radhi, na mwenye kihamba, shamba la ukoo, anajua uzito wake. Ila hayana ugomvi na msumeno. Yenye ugomvi ni misumari. Mti wa mpakani ndio nguzo ya bure ya uzio: mtu hupigilia senyenge, miaka inapita, gome linafunika, na anayekuja kupasua haoni kitu. Wapo pia wanaoamini kwamba msumari hupanda juu mti unapokua, kwa hiyo gogo la chini ni salama. Si kweli. Mti hurefuka kwenye ncha zake; shina hunenepa tu. Msumari uliopigiliwa usawa wa kifua utabaki usawa wa kifua, ukizama ndani mwaka hadi mwaka, katika gogo lile lile linalotoa mbao bora.

Sasa ubao huo umefika bandani. Bledi inagonga chuma na kusita ghafla, shafti inaendelea kuzunguka, na flenji zinasuguana na bledi. Nyuso zinang'arishwa hapa, zinachimbika pale, na kingo za michubuko zinainuka. Ukifunga tena, flenji inagusa vilele vichache tu badala ya ukingo mzima, na bledi inateleza hata kwenye ubao laini. Ndiyo sababu mashine "hukataa tangu siku hiyo". Inasikitisha kusikia laana ikitajwa katika mkoa wenye Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, ambako utunzaji wa misumeno hufundishwa.

Dawa yake ni hii. Chomoa plagi. Toa flenji, laza msasa laini juu ya kioo, na usugue uso wa flenji kwa mizunguko midogo mpaka alama za msasa zienee ukingo mzima. Vilele vikiisha, acha. Flenji iliyopinda nunua nyingine. Na kabla ya kupasua ubao wowote wa mpakani, pitisha juu yake sumaku ya spika mbovu, ukitafuta pia doa jeusi ambalo chuma chenye kutu huacha kwenye mti.

Tundu halina maneno mengi: la milimita 30 haliwi la 20 kwa kuzungushia kipande cha kopo. Tumia bushi yake. Bolti ina siri moja. Uzi wake umepangwa ili ubao unapoikinza bledi, bolti ijikaze. Kwa hiyo hufunguliwa kwa kuizungusha upande ule ule bledi inakozungukia. Anayelazimisha kinyume huuharibu uzi. Chunguza pia kama bolti inagota mwisho wa tundu lake kabla haijaibana flenji, jambo linalotokea washa ikipotea.

Na hata msumeno ukikushinda, bledi ya mbao usiifunge kwenye grenda. Grenda ndogo huzunguka takribani mara 11,000 kwa dakika, kasi ambayo bledi nyingi za mbao hazikuumbiwa.

Ukishafunga, chora mstari wa penseli kutoka kwenye flenji ya nje hadi kwenye bledi. Pasua ubao mmoja usio na chuma, chomoa plagi, utazame. Mstari ukiwa umekatika, bledi imeteleza. Rudi kwenye flenji.